Kalamu Tatu Zinatosha: Namna ya Kutumia Rangi Ili Usome na Ukumbuke

Mtihani ukikaribia, madaftari mengi ya kidato cha nne hugeuka manjano. Mwanafunzi ameketi na hailaita mkononi. Anasoma mstari, anaupaka, anashuka wa pili, nao anaupaka. Jioni ukurasa mzima unang'aa na mwenyewe ameridhika kwamba leo amesoma. Mfunikie daftari umuulize alichosoma, utasikia kigugumizi.

Rangi yenyewe haina kosa. Kwamba inasaidia kumbukumbu ni jambo lililopimwa, ila msaada wake una masharti: rangi ziwe chache, kila moja iwe na maana unayoweza kuieleza, na zisichukue nafasi ya kujiuliza maswali. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyatimiza masharti hayo, uwe mwanafunzi, mwalimu, fundi anayejifunza kazi, au mzazi anayemsimamia mtoto nyumbani.

Ujue kwanza rangi inafanya nini

Kazi ya kwanza ya rangi ni kuvuta jicho. Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walionyesha kwamba kitu kimoja chenye rangi ya peke yake huonekana papo hapo, hata kikizungukwa na vingine vingi. Jicho halihitaji kupekua kimoja kimoja. Ndiyo maana neno moja jekundu katika ukurasa wa wino wa bluu linakuita kabla hujaanza kusoma.

Kazi ya pili ni kutenga. Mwaka 1933 Hedwig von Restorff wa Ujerumani aliandika kwamba katika orodha ya vitu vinavyofanana, kile kilicho tofauti na wenzake ndicho hukumbukwa zaidi. Fikiria uwanja wa swala ya Idi, safu kwa safu za kanzu nyeupe, na mtu mmoja tu kavaa nyekundu. Huyo utamkumbuka. Wakija mia wamevaa nyekundu, hutamkumbuka hata mmoja. Ukurasa uliopakwa wote una tatizo hilohilo.

Kazi ya tatu ni kushikamana na kitu chenyewe. Mwaka 2002 Felix Wichmann na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za mandhari, kisha wakaulizwa ni zipi walizokwisha kuziona. Picha za rangi zilitambuliwa vizuri kuliko za nyeusi na nyeupe, kwa tofauti ya kati ya 5% na 10%. Lakini picha zilipopewa rangi zisizo zake, faida hiyo ikatoweka. Kwa hiyo rangi inayoendana na kitu inasaidia, na iliyobandikwa tu haina inachoongeza.

Tena ipo rangi inayokwamisha. Mmarekani John Ridley Stroop alichapisha mwaka 1935 jaribio unaloweza kulifanya mezani kwako: andika neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, "bluu" kwa wino mwekundu, na mengine ya namna hiyo, kisha mwambie mtu ataje haraka rangi za wino bila kuyasoma maneno. Atasitasita na kukosea, kwa sababu neno linamvuta huku na rangi inamvuta kule.

Ushauri mwingi unaofuata umetoka katika mambo hayo manne.

Zipe rangi kazi kabla ya kufungua kitabu

Usianze kwa kununua pakiti ya kalamu kumi na mbili. Chukua tatu, na uzigawie kazi hivi:

- *Bluu au nyeusi:* maandishi yote ya kawaida.
- *Kijani:* neno jipya la somo, kanuni au fomula; yaani kile ambacho usipokijua, mengine hayaeleweki.
- *Nyekundu:* ulichokosea au kusahau ulipojipima. Nyekundu haiandiki kitu chochote siku ya kwanza.

Ukipenda kugawa tofauti, gawa, lakini uandike mgawanyo wako ndani ya jalada la daftari na uufuate katika masomo yote. Kijani kikiwa istilahi kwenye historia na onyo kwenye kemia, utakuwa umejitegea mtego wa Stroop kwa mkono wako. Na kwa nini tatu tu? Akili hushika mambo machache kwa mara moja. Mtafiti Nelson Cowan aliyakadiria mwaka 2001 kuwa kama manne. Mwenye rangi saba hutumia nguvu kukumbuka maana ya rangi, wakati nguvu hizo zingefaa somo.

Yapo na mambo ya karatasi. Madaftari ya bei nafuu ni mepesi, na wino wa hailaita huvuja hadi upande wa pili. Penseli ya rangi hufanya kazi ileile bila kuharibu ukurasa. Vilevile ukizipeleka notisi zako steshenari kutolewa kopi nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zote zitatoka kijivu na mpango wako wote utakuwa umepotea. Kwa hiyo kila rangi iambatane na alama: neno la kijani lizungushie kisanduku, la nyekundu litie nyota pembeni. Kopi itabaki na maana yake, na mwenzako asiyetofautisha rangi naye ataisoma.

Soma kwanza, paka baadaye

Mwaka 2013 John Dunlosky wa Chuo Kikuu cha Kent State nchini Marekani na wenzake walipitia tafiti kuhusu mbinu 10 ambazo wanafunzi hutumia kujisomea. Kupigia mistari na kupaka rangi kukawekwa katika kundi la mbinu zenye manufaa madogo. Mbili ndizo zilizopewa daraja la juu: kujipima, na kuyagawa masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika usiku mmoja.

Basi hailaita peke yake haitakupasisha. Ila unaweza kuigeuza iwe mlango wa kuingilia kwenye kujipima, ukifuata utaratibu huu:

1. Soma aya nzima, kalamu ikiwa chini.
2. Inua macho, ujiambie kwa maneno yako aya inasema nini.
3. Rudi kwenye aya, chagua maneno machache yanayobeba jambo hilo, uyapake hayo tu.
4. Aya isiyo na jipya kwako, ipite bila kuipaka.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi, na wengi huiruka. Rangi inayowekwa baada ya kufikiri ni alama ya uamuzi ulioufanya. Inayowekwa wakati wa kusoma inaonyesha tu mahali mkono ulipopita. Ukijiona umepaka zaidi ya sentensi moja katika kila aya, simama, maana hujachagua bado.

Tuutazame ukurasa mmoja

Chukua vipimo vya chakula katika biolojia, mada inayowasumbua wengi kwenye mtihani wa vitendo. Mwanafunzi wa kawaida huandika orodha ndefu kwa peni ya bluu, kisha hupaka majina ya dawa rangi ya njano. Wewe chora jedwali lenye safu tano: unachokitafuta, dawa, rangi kabla, rangi baada, na maana ya kutobadilika.

Kwenye wanga, dawa ni myeyusho wa iodini. Kabla ni kahawia, baada ni bluu iliyokaribia nyeusi. Ikibaki kahawia, hakuna wanga. Kwenye sukari rahisi, dawa ni myeyusho wa Benedict. Kabla ni bluu, na ukichemsha hupita kijani, njano na chungwa hadi kuwa nyekundu ya tofali, kulingana na wingi wa sukari. Kwenye protini, unatia sodiamu haidroksaidi na matone ya kopa salfeti: bluu hugeuka zambarau.

Sasa safu mbili za rangi usizijaze kwa maneno matupu. Paka kijisanduku kwa rangi yenyewe, kahawia iwe kahawia na zambarau iwe zambarau, na neno liandikwe pembeni kwa peni ya kawaida. Hapa rangi ni maarifa yenyewe na wala si pambo, kama zilivyokuwa zile picha za mandhari. Ukiandika "zambarau" kwa peni nyekundu kwa sababu tu nyekundu ndiyo ilikuwa karibu, umejichanganya mwenyewe.

Kwenye jedwali hilo kijani, yaani istilahi, ni majina matatu tu: iodini, Benedict na kipimo cha protini, ambacho huitwa Biuret. Mengine yote ni bluu. Nyekundu bado haijagusa karatasi.

Peni nyekundu iwe ya kujipima

Siku ya pili funika jedwali. Kwenye karatasi tupu andika upya kila unachokumbuka kwa peni ya bluu, ukikwama acha nafasi. Usichungulie. Ukimaliza, fungua daftari na ujaze mapengo na makosa kwa peni nyekundu.

Karatasi hiyo sasa inakuambia ukweli ambao ukurasa wa manjano ulikuficha. Bluu ni unachokijua, nyekundu ni kazi ya kesho. Kesho anza na nyekundu. Rudia siku ya nne, kisha wiki ijayo, kila mara kwenye karatasi mpya, na uzipange karatasi kwa tarehe. Utaona nyekundu ikipungua. Isipopungua mahali fulani, hapo hujaelewa. Tafuta mwalimu au mwenzako akueleze, maana kurudia tu hakutasaidia.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliulinganisha mwaka 2006 usomaji wa kurudia na usomaji wa kujipima. Waliorudia kusoma walikuwa mbele walipoulizwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Wiki ya mwisho, ondoa rangi zote. Karatasi ya mtihani huja kwa wino mweusi, nawe utaijibu kwa peni moja. Kama unakumbuka fomula kwa sababu tu iko juu kulia kwa kijani, jipime uone kama utaipata kwenye karatasi nyeupe isiyo na kitu.

Rangi ikiwa ndiyo somo lenyewe

Kwa fundi wa elektroniki rangi ni tarakimu. Vile vipete vilivyochorwa kwenye rezista husomwa hivi: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Usiikariri kama orodha ya mambo kumi. Kuanzia 2 hadi 7 ni upinde wa mvua kwa mpangilio wake. Zimebaki ncha mbili: giza mwanzoni, nyeusi na kahawia, mwanga mwishoni, kijivu na nyeupe. Kahawia, nyeusi, nyekundu inasomeka 1, 0, na sifuri mbili mbele yake: omu 1,000. Chukua rezista kumi kutoka kwenye redio mbovu, uzisome kwa sauti, halafu uzihakiki kwa mita.

Kwa fundi umeme rangi inaweza kuua. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nutro nyeusi, na kwenye umeme wa njia tatu bluu ilikuwa njia mojawapo ya moto. Katika mfumo mpya, ambao Uingereza iliulazimisha mwaka 2006, moto ni kahawia, nutro ni bluu, na nyeusi ni njia ya moto kwenye umeme wa njia tatu. Yaani bluu na nyeusi zimebadilishana kazi. Nyumba yenye umri mkubwa iliyoongezwa vyumba juzi inaweza kuwa na mifumo yote miwili ukutani. Jifunze mifumo yote miwili kwa kuchora, kila mmoja kwenye ukurasa wake na jina lake juu, kisha ujizoeze kutoiamini rangi hadi testa iseme.

Madrasa nazo zinaijua kazi ya rangi tangu zamani. Hupokewa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki mwaka 688, ndiye aliyeanzisha nukta za rangi kuonyesha irabu katika Qurani, na misahafu ya kale yenye nukta nyekundu ipo hadi leo. Misahafu ya tajwidi inayouzwa siku hizi huendeleza wazo hilo: katika matoleo mengi vivuli vya nyekundu huonyesha herufi za kuvutwa, kijani huonyesha ghuna, yaani sauti ya puani, kijivu huonyesha herufi isiyotamkwa. Ukiitumia, soma ukurasa mara ya kwanza kwa msahafu wa rangi, mara ya pili kwa msahafu wa kawaida mbele ya mwalimu. Kanuni inayokutoka rangi inapoondoka bado hujaishika.

Kwa mwalimu: ubaoni na ukutani

Kwenye ubao mweusi, chaki nyeupe na ya njano ndizo zinazoonekana hadi dawati la nyuma. Nyekundu, bluu na zambarau hufifia, hasa ubao ukiwa umechakaa au darasa likiwa na giza. Basi usiandike maneno kwa hizo. Zitumie kwa mishale na vivuli vya mchoro. Kwenye ubao mweupe mambo hugeuka: nyeusi na bluu huandika, njano haionekani kabisa. Kabla ya kipindi nenda ukasimame nyuma ya darasa usome ulichoandika.

Rangi moja ya ziada kwa kipindi yatosha. Unapofundisha ngeli, andika sentensi nzima kwa nyeupe na viambishi vya upatanisho kwa njano: *vi*tabu *vi*kubwa *vi*meanguka. Jicho la mtoto litayaona mahusiano kabla hujayaeleza. Ukiongeza rangi ya tatu kwa mzizi na ya nne kwa wakati, kile ulichotaka kionekane kitazama.

Kuta nazo zitazamwe. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba chenye mapambo mengi na katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo watoto walitumia karibu 39% ya muda wakiwa wametoka kwenye somo, kwenye kuta tupu 28%. Majibu sahihi yalikuwa 42% kwenye mapambo na 55% kwenye kuta tupu. Huo ni utafiti mdogo na wala hausemi uyabandue yote. Unachoweza kufanya ni kuuacha wazi ukuta wa ubao, kupeleka chati za manila kwenye kuta za pembeni na nyuma, na kuondoa zile za mada mliyokwisha kuimaliza.

Kisha wakumbuke wasiotofautisha rangi. Hali hiyo mara nyingi hurithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo huwapata wavulana zaidi. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu 8%. Tafiti za Afrika kwa kawaida hupata kiwango cha chini ya hapo, lakini katika darasa kubwa kumpata mmoja si jambo la ajabu. Wengi hawajijui. Mtoto anayepaka majani kahawia, au anayekwama kila swali likisema "angalia mstari mwekundu", usimwite mvivu. Mshauri mzazi ampeleke kupimwa macho. Kipimo cha vidoadoa cha Ishihara, kilichotolewa mwaka 1917, huchukua dakika chache. Ubaoni sema "mstari wa juu, mwekundu", na wote watakufuata.

Madai ya kuyapuuza

Utasikia kwamba bluu huongeza ubunifu na nyekundu huongeza umakini. Wazo hilo lilipata umaarufu mwaka 2009 kutokana na makala ya Ravi Mehta na Rui Zhu katika jarida la Science. Mwaka 2007 Andrew Elliot na wenzake walikuwa wamedai kwamba kuona nyekundu kabla ya mtihani hushusha alama. Majaribio yaliyorudiwa baadaye hayakutoa matokeo ya kutegemewa. Kwa hiyo usitumie fedha kupaka chumba cha mtoto bluu ukitarajia hesabu zipande. Fedha hiyo inunue taa nzuri ya mezani. Wino wowote husomeka vizuri penye mwanga.

Jaribu wiki hii

Usiuamini mwongozo huu kwa kuwa umeandikwa. Chagua mada mbili zenye uzito sawa. Moja isome kwa desturi yako ya siku zote. Nyingine isome kwa kalamu tatu: kijani kwa istilahi, karatasi tupu siku ya pili, nyekundu kwa mapengo. Zipe muda uleule. Baada ya siku saba mpe mwenzako akuulize maswali kumi ya kila mada bila kukuambia yatokako, na ayasahihishe yeye. Alama za mada ya pili zikizidi, endelea nayo katika masomo yaliyobaki. Zikilingana, angalia kwanza kama uliifanya ile kazi ya siku ya pili, maana hapo ndipo wengi hukatia njia.